Maswali ya Wasomaji: Hagi, kutoka namba kumi hadi mwenye klabu

Toleo hili tumekusanya barua zinazomhusu Gheorghe Hagi wa Romania, mchezaji aliyegeuka kocha na baadaye mwenye klabu. Barua nyingine zimefupishwa. Majibu yameandikwa na dawati la michezo.

Wahariri, habari za kazi. Vijana wa hapa mtaani wanamjua Ianis Hagi tu, na ukiwaambia baba yake alikuwa hatari kuliko yeye hawasadiki. Alikuwa mchezaji wa namna gani? Na kama alikuwa mkubwa hivyo, mbona hakutamba Real Madrid wala Barcelona? — Msomaji, Tanga

Salama ndugu msomaji. Waambie vijana wako waanze na takwimu hizi: mechi 124 za timu ya taifa, mabao 35, kucheza Kombe la Dunia mara tatu (1990, 1994 na 1998). Mabao hayo 35 ni rekodi ya Romania, na aliyeweza kuifikia ni Adrian Mutu peke yake, ambaye alikuwa mshambuliaji. Hagi alikuwa kiungo.

Alizaliwa tarehe 5 Februari 1965 huko Săcele, mkoa wa Constanța, upande wa Bahari Nyeusi. Alikuwa namba kumi halisi, yaani kiungo mchezeshaji anayecheza nyuma ya washambuliaji, wa mguu wa kushoto: mfupi, mwenye kasi katika hatua tatu za mwanzo, na shuti lililotoka bila kujiandaa kwa muda mrefu. Agosti 1983, akiwa na miaka 18, alivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza dhidi ya Norway mjini Oslo. Akiwa na Sportul Studențesc ya Bucharest alikuwa mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo, na ule wa 1985/86 aliumaliza na mabao 31.

Februari 1987 Steaua Bucharest, waliokuwa mabingwa wa Ulaya, walimchukua kwa ajili ya mechi moja, Super Cup ya Ulaya dhidi ya Dynamo Kyiv mjini Monaco. Alifunga bao pekee la mchezo, na Steaua hawakumwachia arudi alikotoka. Mwaka 1989 walifika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya wakachapwa 4-0 na Milan. Kwa nini hakwenda nje mapema? Kwa sababu chini ya utawala wa kikomunisti wa Ceaușescu mchezaji wa Romania hakuwa na ruhusa ya kujiendea atakako. Milango ilifunguka baada ya mapinduzi ya Desemba 1989, na baada ya Kombe la Dunia la 1990 Real Madrid wakamsajili.

Sasa swali lako la pili. Real katika misimu yake miwili, 1990 hadi 1992, iliongozwa na makocha wanne: Toshack, Di Stéfano, Antić na Beenhakker. Kiungo mchezeshaji ndiye anayeumia zaidi kocha akibadilika, maana kila kocha anakuja na maoni yake kuhusu kama namba kumi anahitajika, na akihitajika acheze wapi. Hata hivyo, siku ya mwisho ya msimu wa 1991/92 kule Tenerife, Hagi alifunga bao la pili lililoipa Real uongozi wa 2-0. Real wakafungwa 3-2 na ubingwa ukaenda Barcelona. Kama Real wangelinda mabao yale mawili, huenda leo tusingeulizwa swali hili.

Alipofika Barcelona mwaka 1994 alikutana na kanuni ya wageni: watatu tu uwanjani kwa wakati mmoja. Walikuwapo Stoichkov, Koeman na Romário. Yeye akawa wa nne, na majeraha yakaongezea. Katikati ya klabu hizo mbili kubwa alikuwa Brescia ya Italia chini ya Mrumania mwenzake, Mircea Lucescu. Huko alishuka nayo daraja 1993, akabaki, akapanda nayo 1994. Mchezaji wa hadhi yake kukubali kucheza daraja la pili ni jambo linalostahili heshima kuliko linavyopewa.

Kilele cha maisha yake ya klabu ni Galatasaray ya Uturuki, 1996 hadi 2001. Alifika akiwa na miaka 31 na wengi wakadhani amekwenda kumalizia. Akatwaa ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, Kombe la UEFA la 2000 na Super Cup ya Ulaya mwaka huohuo. Kocha Fatih Terim alimzungushia watu wa kukimbia: Suat Kaya, Okan Buruk, Ümit Davala, na kijana Emre Belözoğlu. Hagi hakulazimika kurudi kukaba mita 60. Alipewa mpira, akaamua. Hilo Madrid na Barcelona hawakumpa.

Nani alimtoa Romania 1994? Wazee wanabishana hapa kijiweni. — Msomaji, Bujumbura

Sweden, robo fainali, tarehe 10 Julai 1994 kule Stanford, California. Dakika 120 ziliisha 2-2, na mabao yote mawili ya Romania alifunga Răducioiu. Kwenye matuta (mikwaju ya penalti) Sweden walishinda 5-4. Hagi alifunga tuta lake. Yaliyookolewa na kipa Ravelli ni ya Petrescu na Belodedici. Anayesema kijiweni kwamba Hagi alikosa penalti amechanganya mambo.

Kabla ya hapo Romania waliwafunga Colombia 3-1, wakachapwa na Uswisi 4-1, wakawalaza wenyeji Marekani 1-0, kisha wakawatoa Argentina kwa 3-2. Mechi ya Argentina inastahili kutazamwa upya na kila anayefundisha mpira. Răducioiu, mshambuliaji wa kati, hakuwapo kwa sababu ya kadi. Kocha Anghel Iordănescu hakumweka mshambuliaji mwingine wa aina yake. Alimsogeza mbele Ilie Dumitrescu, ambaye kwa kawaida alianzia pembeni, na mabeki wa kati wa Argentina wakakosa mtu wa kumkaba. Dumitrescu alifunga mawili ndani ya dakika 18 za mwanzo. Bao la tatu, dakika ya 58, lilitokana na shambulizi la kushtukiza: Dumitrescu anakimbia na mpira katikati, anasubiri, anampasia Hagi anayekuja upande wa kulia, na Hagi anafunga kwa mguu wake wa kulia, ule usio wa kawaida yake.

Nafundisha vijana wa miaka 13 na 14. Wote wanataka kupiga bao kama la Hagi dhidi ya Colombia, na wote wanapaisha. Nifundisheje? — Kocha wa vijana, Kisumu

Hongera kwa kazi, kocha. Kwanza tazama lilivyofungwa bao lenyewe, tarehe 18 Juni 1994, dakika ya 34, uwanja wa Rose Bowl. Hagi yuko pembeni kushoto, mbali sana na goli, mpira uko kwenye mguu wa kushoto. Mahali hapo mchezaji wa mguu wa kushoto hupiga krosi. Kipa wa Colombia, Óscar Córdoba, alifikiri hivyohivyo akasogea mbele ya mstari ili aiwahi krosi. Mpira ukampita juu ukaingia kwenye kona ya mbali. Kwa hiyo nusu ya bao ni macho: Hagi aliona kipa amesimama wapi kabla hajagusa mpira.

Fundisha kwa mpangilio huu. Wiki ya kwanza usiwape goli kabisa. Weka wachezaji wawili wawili, umbali wa mita 20, na katikati yao mwenzao aliyenyoosha mikono juu. Kazi ni kumpitisha mpira juu ya mikono yake na utue mbele ya mwenzao wa upande wa pili. Mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, umbali wa kama kiganja kimoja kilichokunjuliwa, na nyuma kidogo ya usawa wake. Kifundo cha mguu wa kupiga kiwe kigumu. Mpira upigwe chini ya kitovu chake kwa sehemu ya mfupa iliyo kati ya kidole gumba na kamba za kiatu. Mwili uegemee nyuma kidogo tu.

Wanapaisha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuegemea nyuma kupita kiasi, nayo hutokea pale mguu wa kusimamia unapowekwa mbali na mpira. Usimwambie kijana "usiegemee". Msogezee mguu wa kusimamia, mwili utajinyoosha wenyewe. Ya pili ni kupiga kwa nguvu zote. Mpira wa namna hii unahitaji muda wa kushuka. Mwamba wa goli uko mita 2.44 kutoka ardhini, na kipa aliyeruka anagusa juu zaidi ya hapo. Mpira lazima uwe juu ya mikono yake anaposimama na uwe chini ya mwamba mita chache tu mbele. Shuti kali halina nafasi ya kushuka katika mita hizo.

Wiki ya pili leta goli na kipa, anzeni mita 25, si 35. Mwambie kipa achague mwenyewe: abaki mstarini au asogee hatua tano. Mpigaji ainue macho mara moja kabla ya kuguswa kwa mpira. Akimkuta kipa mstarini, apige krosi kwa mwenzake nguzo ya mbali. Zoezi hili likikosa uamuzi huo linazalisha wapiga mipira ya angani, basi. Tumia mpira namba 5 kwa umri huo. Walio chini ya miaka 12 wapewe namba 4. Mapigo 15 kwa kila kijana kwa siku yanatosha. Yakizidi, nyonga zinachoka na umbo la pigo linaharibika.

Mimi nadhani Hagi kocha amepewa sifa asizostahili. Timu ya taifa alishindwa, Galatasaray alifukuzwa. Mnasemaje? — Msomaji, Muscat

Ulichotaja ni kweli, ila kuna nusu nyingine.

Tuanze na yaliyoharibika. Hagi alitundika daluga 2001, na mwaka uleule akakabidhiwa timu ya taifa. Hakuwa amefundisha hata timu ya vijana. Romania walikwenda mchujo wa Kombe la Dunia la 2002 dhidi ya Slovenia, wakafungwa 2-1 Ljubljana na kutoka sare 1-1 Bucharest. Akaondoka. Bursaspor mwaka 2003 hakukaa. Politehnica Timișoara msimu wa 2005/06, vilevile. Steaua alichukua majira ya joto ya 2007, akaivusha raundi mbili za mchujo hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, kisha akajiuzulu Septemba baada ya kutoelewana na mmiliki wa klabu. Aliporudi Galatasaray Oktoba 2010 kuchukua nafasi ya Frank Rijkaard, timu ilikuwa imeshaanza kuporomoka. Machi 2011 akaachishwa kazi.

Katika safari hiyo kuna kituo kimoja chenye mavuno: Galatasaray ya 2004/05. Tarehe 11 Mei 2005 waliwanyuka Fenerbahçe 5-1 katika fainali ya Kombe la Uturuki. Miongoni mwa wafungaji alikuwa kijana wa Kifaransa aliyesajiliwa Januari kutoka Metz, Franck Ribéry. Klabu ilishindwa kumlipa mishahara yake kwa wakati, na kiangazi akaenda Marseille.

Ukisoma orodha hiyo utaona kwamba kila mahali Hagi alikaa kwa miezi, na mahali pengi tatizo lilikuwa nani mwenye neno la mwisho. Kocha anayetaka timu icheze kuanzia kwa kipa, kwa pasi, na vijana wapewe nafasi, anahitaji misimu miwili ya kuvumiliwa. Klabu ya watu wengine haiwezi kumpa hiyo akifungwa mechi tatu.

Kwa hiyo alijenga ya kwake. Mwaka 2009, kwa pesa yake, alianzisha akademi na klabu ya Viitorul pale Ovidiu, mji mdogo jirani na Constanța. Klabu ilianzia daraja la tatu, ikapanda la pili 2010, ikafika ligi kuu 2012. Yeye mwenyewe alikaa benchi kama kocha mkuu kuanzia 2014 hadi 2020. Alitwaa ubingwa wa Romania 2017, Kombe la Romania na Super Cup 2019. Mwaka 2021 Viitorul iliungana na Farul, klabu kongwe ya Constanța, na 2023 akaipa Farul ubingwa. Ubingwa huo ulikamilika kwa ushindi wa 3-2 dhidi ya FCSB ya Bucharest, Farul wakiwa wametanguliwa 2-0 katika uwanja wao.

Kwa maoni yetu, kutwaa ubingwa na klabu uliyoianzisha mwenyewe miaka minane kabla, bila bajeti ya wakubwa, ni kazi inayozidi makombe mengi ya makocha wenye majina. Walakini tunakubaliana nawe kwa jambo moja: timu ya taifa alipewa mapema mno, na lawama ni ya waliompa.

Ubingwa wa 2017 walilingana pointi na FCSB. Imekuwaje wakapewa Viitorul? — Msomaji, Lubumbashi

Ligi ya Romania wakati huo ilikuwa na timu 14. Kila timu ilicheza mechi 26, kisha sita za juu zikaingia hatua ya ubingwa yenye mechi 10. Kabla ya hatua hiyo pointi zilikatwa nusu, na nusu isiyo kamili ikaongezwa kuwa pointi nzima. Lengo ni kuzuia timu moja isimalize ligi mapema. Madhara yake ni kwamba tofauti zinabanwa, na kulingana mwishoni kunakuwa jambo la kawaida.

Viitorul na FCSB walimaliza na pointi 44 kila mmoja. Siku ya mwisho Viitorul waliifunga CFR Cluj 1-0. Kigezo kilichotumika kuwatenganisha ni matokeo ya mechi walizokutana wao kwa wao, na hapo Viitorul walikuwa mbele. FCSB walidai kanuni imesomwa vibaya wakalifikisha shauri Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, lakini walishindwa.

Jambo linalosahaulika: Viitorul walimuuza kiungo wao bora, Răzvan Marin, kwenda Standard Liège Januari 2017, katikati ya msimu huohuo. Na bado walimaliza juu. Walibaki na watoto kama Florinel Coman, ambaye hakuwa hata na miaka 20, na wao wakaibeba timu.

Kumfundisha mwanao kwenye timu yako si upendeleo? — Msomaji, Morogoro

Inaweza kuwa, na Hagi alisemwa sana. Ianis alizaliwa Istanbul mwaka 1998 baba akiwa Galatasaray, akakulia katika akademi ya Viitorul, na akavaa kitambaa cha unahodha akiwa bado kijana mdogo. Kipimo tunachokiamini ni soko. Fiorentina walimsajili 2016, Genk 2019, Rangers walimchukua 2020, na timu ya taifa ikamwita. Klabu hizo hazikumlipia kwa sababu ya undugu.

Tena si Ianis peke yake aliyepewa nafasi mapema. Cristian Manea wa Viitorul aliichezea Romania mwaka 2014 akiwa na miaka 16. Enes Sali wa Farul aliichezea Novemba 2021 akiwa na miaka 15. Kwa Hagi umri mdogo haukuwahi kuwa kisingizio cha kumweka mtu benchi.

Mwanangu ana miaka 15, anacheza vizuri. Kuna mtu amesema atampeleka akademi ya Hagi Romania, anataka nitoe pesa ya "usajili na viza". Nimwamini? — Mama mzazi, Dar es Salaam

Hapana mama, usitoe hata shilingi.

Kanuni za FIFA kuhusu usajili na uhamisho, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa katika nchi nyingine. Kuna vipengele vichache vya msamaha: wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na mpira, mchezaji ana miaka 16 hadi 18 na anahama ndani ya Umoja wa Ulaya au Eneo la Kiuchumi la Ulaya, mchezaji anaishi karibu na mpaka na klabu iko karibu na mpaka huohuo, mtoto ni mkimbizi aliyekimbia bila wazazi wake, au ni mwanafunzi aliye katika mpango wa kubadilishana wanafunzi kwa muda. Mtoto wa Dar es Salaam anayekwenda Romania kwa ajili ya mpira haingii katika hata kimoja. Na hata penye msamaha, maombi hupelekwa na shirikisho la nchi kwa njia ya mfumo wa FIFA, si na mtu binafsi mwenye bahasha.

Mwombe mtu huyo vitu vitatu: namba ya leseni yake ya uwakala ya FIFA, barua ya klabu yenye anwani rasmi, na jina la klabu iliyohusishwa ndani ya TFF, shirikisho la mpira la Tanzania. Wakala wa kweli hupata sehemu yake kutoka katika mkataba wa mchezaji au wa klabu. Hadai ada ya majaribio kutoka kwa mzazi. Pia wakala haruhusiwi kumfuata mtoto mapema kiasi hicho bila idhini ya maandishi ya mzazi. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mtoto anasafirishwa kwa viza ya utalii, hakuna klabu inayoweza kumsajili, viza inaisha, naye amebaki ugenini bila pesa ya kurudi.

Cha kufanya sasa: hakikisha mwanao amesajiliwa kihalali katika klabu au kituo kinachotambuliwa, tarehe ya kuzaliwa ikiwa sawa na ya cheti. Abaki shuleni. Miaka mitatu si mingi.

Tuna kituo cha vijana 60. Tumesikia Hagi anaendesha akademi kwa kuuza wachezaji. Sisi tukitoa mchezaji akauzwa mbele ya safari na klabu nyingine, tunapata nini? — Katibu wa kituo, Dodoma

Katibu, swali lako ndilo lenye pesa. Klabu kama ya Hagi hupata kwa njia tatu: ada ya kumuuza mchezaji moja kwa moja, asilimia ya mauzo yajayo iliyoandikwa kwenye mkataba, na malipo ya FIFA kwa waliomlea. Njia ya tatu ndiyo inayokuhusu zaidi, na inaitwa malipo ya mshikamano.

Mchezaji akihamishwa kimataifa kwa ada wakati mkataba wake unaendelea, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi anaotimiza 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 unahesabiwa asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka kati ya 16 na 23 unahesabiwa asilimia 0.5. Chukua mfano: kijana alikaa kwenu tangu miaka 12 hadi 17, miaka sita. Minne ya kwanza ni asilimia 1, miwili inayofuata ni asilimia 1 nyingine. Akiuzwa baadaye kwa dola 1,000,000, fungu lenu ni dola 20,000. Akiuzwa tena nje ya nchi, mnalipwa tena. Alikaa nusu mwaka? Mnapata nusu ya mwaka huo.

Tofauti na hayo ipo fidia ya mafunzo, inayolipwa mchezaji anaposajiliwa kama mchezaji wa kulipwa kwa mara ya kwanza, na anapohama kimataifa hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Hii hukokotolewa kwa miaka aliyolelewa na daraja la klabu inayomchukua, hivyo yaweza kulipwa hata pale ambapo hakuna ada ya uhamisho.

Vituo vyetu vingi hukosa malipo haya kwa sababu ya karatasi. Kijana amecheza miaka mitano lakini hakuwahi kuandikishwa, au aliandikishwa kwa jina la klabu ya rafiki wa kocha. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia Clearing House ya FIFA, chombo cha kukusanya na kugawa malipo hayo, ambayo husoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji inayojengwa kutokana na usajili wa shirikisho. Msimu ambao haumo katika usajili, kwa mfumo haukuwapo. Kwa hiyo:

Hakikisheni kituo kimesajiliwa na shirikisho kama klabu. Kama ni kituo kisicho mwanachama, fungu halilipwi. Andikisheni kila kijana kila msimu, kuanzia akiwa na miaka 12, kwa jina lilelile na tarehe ileile ya cheti cha kuzaliwa. Herufi moja ikibadilika mnaweza kuonekana mmelea watu wawili. Tunzeni nakala ya fomu, cheti na picha. Akihama, hata kwa timu ya mtaa wa pili, rekodini tarehe. Na mnapomwachia bure kwa klabu kubwa, andikeni kwenye barua ya makubaliano asilimia ya mauzo yajayo, kumi au kumi na tano, kabla hajavaa jezi yao. Baada ya hapo hakuna atakayewasikiliza.

Hagi alipewa kadi nyekundu fainali ya 2000? — Msomaji, Zanzibar

Ndiyo. Fainali ya Kombe la UEFA, tarehe 17 Mei 2000, Copenhagen, dhidi ya Arsenal. Alitolewa mwanzoni mwa muda wa ziada baada ya kukwaruzana na Tony Adams, matokeo yakiwa 0-0. Galatasaray walibaki kumi, wakavumilia hadi matuta wakashinda 4-1. Tuta la mwisho alilipiga Gheorghe Popescu, shemeji yake Hagi, ambaye baadaye walikuwa pamoja katika uongozi wa Viitorul. Wiki chache baadaye, katika robo fainali ya Euro 2000 dhidi ya Italia, Hagi alitolewa tena kwa kadi ya pili ya njano, na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho ya mashindano makubwa.